Uvimbe wa zambarau kooni: usikatwe kipande kabla ya picha

Mtu mzima anayekwama na tonge kooni hafikiriwi kwanza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, na ndivyo inavyopasa. Visababishi vya kawaida ni vingine: asidi inayopanda kutoka tumboni, misuli iliyolegea baada ya kiharusi, umio uliobana, saratani. Uvimbe wa mishipa ya damu kwenye koromeo au zoloto la mtu mzima ni nadra sana. Ubaya ni kwamba daktari anayekutana nao mara ya kwanza hushawishika kuufanyia kile anachoufanyia uvimbe mwingine wowote, yaani kukata kipande kidogo cha kupeleka maabara. Hapa kipande hicho kidogo kinaweza kumwaga damu juu kabisa ya njia ya hewa, mahali ambapo huwezi kufunga bendeji wala kubana kwa kidole. Nitaandika kwa mpangilio wa hatua ambazo mgonjwa huzipitia, lakini ukisoma jambo moja tu liwe hilo: picha kwanza, kisu baadaye, na mara nyingi kisu hakihitajiki.

Tuanze na jina, kwa sababu jina likikosewa na tiba hukosewa. Karatasi nyingi za hospitali bado huandika "hemanjioma" kwa kila kitu chekundu au cha zambarau. Mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki walitenganisha makundi mawili: uvimbe ambao chembe za ukuta wa mishipa zinazaliana, na hitilafu ya maumbile ambayo chembe hazizaliani ila mishipa yenyewe iliumbika vibaya tangu tumboni mwa mama. Mgawanyo huo ndio msingi wa mfumo ambao jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa hitilafu za mishipa, ISSVA, iliupitisha mwaka 1996, na unatumika hadi leo.

Hemanjioma ya kweli ya mtoto hujitokeza katika wiki za mwanzo za maisha, hukua haraka ndani ya mwaka wa kwanza, kisha husinyaa yenyewe kwa miaka kadhaa. Chembe zake zina alama ya protini iitwayo GLUT1 zikipimwa maabara, na tangu mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walipogundua kwamba propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu, huisinyaza, dawa hiyo imekuwa tiba ya kwanza. Kinachoonekana kwenye koo la mtu mzima kwa kawaida si hicho. Mara nyingi ni hitilafu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo: vena pana, zenye ukuta mwembamba uliokosa misuli ya kutosha, ambazo hutanuka polepole miaka nenda rudi. Haisinyai yenyewe na haisikii propranolol. Mtu wa miaka 45 mwenye hitilafu ya vena akipewa dawa hiyo kwa sababu tu karatasi imeandikwa hemanjioma, kitakachoshuka ni mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Uvimbe utabaki pale pale.

Kwa nini basi ijitokeze ukubwani ikiwa mtu amezaliwa nayo? Kwa sababu inatanuka. Takriban nusu ya hitilafu za vena zisizo za kurithi zina mabadiliko kwenye jeni ya TEK, na sehemu nyingine kwenye jeni ya PIK3CA. Mabadiliko hayo huziacha chembe za ukuta wa mshipa zikipokea amri ya kukua bila kukoma. Balehe, ujauzito, maambukizi ya koo na kuumia huongeza kasi. Mtu anaweza kukaa miaka 30 bila dalili, halafu dalili zote zikaja ndani ya miezi michache.

Sasa kumeza kwenyewe. Tonge likishapita shina la ulimi, kazi yote ya koromeo huchukua kama sekunde moja. Ndani ya sekunde hiyo zoloto hupanda juu na mbele, epigloti hulala kufunika njia ya hewa, nyuzi za sauti hujifunga, chakula hugawanyika kulia na kushoto kupitia mifuko miwili ya pembeni, na mlango wa umio hufunguka. Uvimbe laini uliojaa damu huharibu hatua tofauti kutegemea umekaa wapi, na ukimsikiliza mgonjwa vizuri unaweza kukisia mahali kabla ya kuingiza kamera. Ukikaa kwenye shina la ulimi au kwenye epigloti, vitu vikavu na vidonge hunasa juu, na mgonjwa huonyesha kwa kidole chini ya taya. Ukikaa kwenye mfuko wa pembeni, chakula hupita lakini kiasi hubaki, kisha humwagikia njia ya hewa baadaye. Huyu hapaliwi wakati wa kumeza, anapaliwa nusu dakika baadaye akiwa ameshaanza kuongea, na sauti yake inasikika yenye majimaji. Ukikaa nyuma ya zoloto, karibu na mlango wa umio, vyakula vigumu ndivyo vinavyokwama na maji hupita bila shida kubwa. Anayepaliwa na maji papo hapo, zoloto lake halifungi vizuri.

Kuna dalili nyingine inayosahaulika kuulizwa. Hitilafu ya vena haina vali imara wala ukuta wa kuizuia, kwa hiyo hujaa kila shinikizo la vena za shingo linapopanda: mtu akilala chali, akiinama, akijikamua chooni, akinyanyua mzigo, akikohoa mfululizo. Mgonjwa atasema asubuhi koo limejaa na mchana linapungua. Aliyelala naye atasema ameanza kukoroma, au pumzi hukatika usingizini. Uvimbe wa saratani haubadiliki ukubwa kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana.

Uchunguzi wa kliniki ufanywe mgonjwa akiwa amekaa, kwa kamera nyembamba inayopitia puani, na ncha ya kamera isiuguse uvimbe. Utakachokiona ni kinundu laini cha bluu au zambarau chini ya utando, chenye mawimbi madogo juu yake, kama sifongo lililolowa lililofunikwa kwa ngozi nyembamba. Kisha fanya jambo ambalo halihitaji mashine yoyote ya ziada: kamera ikiwa bado ndani, mwambie abane pua, afunge mdomo na kujikamua kwa sekunde kumi hivi. Au mtoe kamera, ainamishe kichwa chini ya magoti kwa dakika moja, halafu utazame tena. Kinundu cha vena kitavimba na kukolea rangi mbele ya macho yako, na kitanywea akipumua kawaida. Rekodi video ya kabla na baada. Itakuja kumsaidia daktari wa usingizi kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Kabla ya kusema ni vena, ondoa vitu vinavyofanana nayo. Tazama ukuta wa nyuma wa koromeo kwa sekunde kumi bila kusogeza kamera. Kama unadunda, huenda ni ateri kuu ya shingo iliyopinda na kuhamia katikati, na mtu akiichoma sindano au kuikata atamuua mgonjwa mezani. Kinundu chekundu kwenye shina la ulimi kinaweza kuwa tezi ya shingo ambayo haikushuka mahali pake mtoto alipokuwa tumboni; fanya ultrasaundi ya shingo kuona kama tezi ipo sehemu yake ya kawaida, kwani huenda hiyo ya ulimini ndiyo pekee aliyonayo, na ukiiondoa atameza tiroksini, homoni ya tezi hiyo, maisha yake yote. Madoa au vinundu vya zambarau kwenye kaakaa na koromeo kwa mtu mwenye VVU yaelekeze mawazo kwenye Kaposi sakoma, saratani ya mishipa. Hapo kipande cha nyama kitahitajika kweli, ila kikatwe chumba cha upasuaji, bomba la kupumulia likiwa tayari limewekwa. Zipo pia hitilafu za limfu, ambazo ni angavu zaidi na hazijai mtu akijikamua, na zile za ateri na vena pamoja, ambazo hudunda na huwa na joto.

Kipimo kinachoamua ni MRI ya shingo, yaani picha ya sumaku. Unapoomba, taja unachotaka: picha za T1, picha za T2 zilizofifishwa mafuta, na picha za baada ya kuingiza dawa ya kung'arisha, zikiwemo za kuchelewa kwa dakika chache. Hitilafu ya vena hung'aa sana kwenye T2, ina vyumba vyumba, na dawa huijaza polepole. Nukta nyeusi za duara ndani yake ni vijiwe vya damu iliyoganda na kuota chokaa, ambavyo CT skani huvionyesha vizuri zaidi. Ukiviona, shaka imebaki ndogo. Njia nyeusi zilizopinda pinda, zisizo nukta, zinamaanisha damu inapita kwa kasi, na hiyo ni hitilafu yenye ateri, inayotibiwa kwa njia nyingine kabisa kuanzia na kuziba ateri kupitia mrija. Picha ya mishipa kwa mrija haihitajiki kwa hitilafu ya vena. Mara nyingi itatoka kama hakuna kitu.

Angalizo moja kuhusu MRI ambalo husahaulika: kipimo kinamtaka mgonjwa alale chali nusu saa au zaidi, na ndivyo uvimbe unavyojaa. Mwenye uvimbe mkubwa asipewe dawa ya kumsinziza ili atulie ndani ya mashine bila mtaalamu wa njia ya hewa kuwa karibu. Usingizi hulegeza koo, uvimbe unajaa, na mgonjwa yuko ndani ya tundu.

Damu nayo ipimwe D-daima (mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka) na faibrinojeni (protini ya kugandisha damu). Kwenye hitilafu kubwa, damu inayotuama huganda na kuyeyuka ndani ya vena muda wote, kwa hiyo D-daima hupanda na faibrinojeni inaweza kushuka. Mtu wa namna hiyo akifanyiwa utaratibu bila maandalizi anaweza kuganda na kuvuja damu kwa wakati mmoja. Mtaalamu wa damu ndiye wa kuamua kama aanzishiwe heparini nyepesi, dawa ya kuzuia damu kuganda, kabla na baada.

Kumeza kupimwe kivyake, kwa sababu ukubwa wa uvimbe hauelezi hatari ya kupaliwa. Dodoso la EAT-10 lina maswali kumi, kila moja alama 0 hadi 4. Jumla ya 3 au zaidi si ya kawaida. Lijazwe kabla ya tiba, lijazwe tena baadaye, ili mjadiliane kwa namba badala ya "naona nafuu kidogo". Baada yake mgonjwa ale na anywe huku kamera ikitazama: maji yenye rangi, uji mzito, kitu kikavu. Picha ya eksirei ya kumeza bariamu huonyesha pengo mahali uvimbe ulipo na chakula kinachobaki. Kama unashuku chakula kinaingia mapafuni, usitumie dawa ya picha ya iodini yenye ukolezi mkubwa (kama Gastrografin), maana ikiingia mapafuni huvuta maji na kuyajaza. Tumia yenye ukolezi mdogo.

Kama maji ndiyo yanayompalia, yanaweza kuongezwa uzito kwa muda. Watu huongeza unga wa kuzitishia kwa kukadiria kwa macho, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu unga uleule huzita tofauti kwenye maji, maziwa na chai ya moto, na huendelea kuzita unapokaa. Mfumo wa IDDSI, wa kimataifa wa kupanga madaraja ya uzito wa vinywaji na vyakula, una kipimo cha bomba la sindano: chukua bomba la mililita 10 ambalo urefu wa vipimo vyake ni milimita 61.5, ziba ncha kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10 kamili, kisha ziba. Kikibaki chini ya mililita 1, ni maji tu. Kati ya 1 na 4, ni uzito wa daraja la 1. Kati ya 4 na 8, daraja la 2. Zaidi ya 8 lakini kikiwa kimetiririka kidogo, daraja la 3. Mtaalamu wa kumeza atataja daraja, wewe nyumbani unapima. Uzito mkubwa kupita kiasi una madhara yake kwa mwenye uvimbe kwenye mfuko wa pembeni, kwani huongeza mabaki.

Tiba. Uvimbe mdogo usiobana pumzi, usiovuja damu na usiozuia kumeza unaweza kuachwa ukiangaliwa kwa kamera mara kwa mara. Hilo ni chaguo halali, hata kama mgonjwa anasikitika kwamba "hajatibiwa".

Unapohitaji kutibiwa, leza na sindano ndizo zinazotangulia. Leza si kitu kimoja. Ile ya kaboni dioksidi hufyonzwa na maji na huziba mishipa ya hadi kama nusu milimita tu, kwa hiyo ukikatia nayo vena pana utajikuta kwenye dimbwi. KTP, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532, hufyonzwa na damu na inafaa vinundu vya juu juu. Nd:YAG ya nanomita 1064 huzama milimita kadhaa, ndiyo maana huchaguliwa kwa hitilafu nene. Hupigwa bila kugusa, kwa mapigo mafupi, nukta moja moja, utando ukipauka na kunywea unahama, na unaacha nafasi nzima kati ya nukta na nukta. Anayepaka leza eneo lote kwa mara moja kwa tamaa ya kumaliza huacha kidonda kipana, na kidonda kipana kooni huleta kovu linalobana njia ile ile aliyotaka kuifungua. Awamu mbili au tatu zilizoachana kwa wiki kadhaa ni bora. Chumba kiwe na tahadhari za moto: bomba la kupumulia linalostahimili leza, puto lake lijazwe maji yenye rangi, oksijeni isizidi asilimia 30, vitambaa vilivyolowa vifunike sehemu za jirani.

Sindano ya kusinyaza mishipa ina dawa kadhaa, na karibu na njia ya hewa tofauti zao zina uzito. Alkoholi kali ina nguvu lakini huvimbisha sana, huua neva na inaweza kuangusha moyo. Kooni mimi nisingeianza. Polidokanoli na sodiamu tetradesili huvimbisha kwa kiasi. Bleomisini huvimbisha kidogo kuliko zote, ndiyo maana imependwa kwa eneo hili. Kikomo kinachotumika sana kwa mtu mzima ni uniti 15 kwa awamu, na jumla ya maisha huhesabiwa kwa sababu dawa hii inaweza kukakamaza mapafu. Hapa pana mtego wa hesabu: uniti moja ya kipimo cha Marekani ni sawa na uniti 1,000 za kimataifa, kwa hiyo kichupa kinaweza kuandikwa 15 au 15,000 na dawa ikawa ileile. Soma lebo mara mbili. Mtego wa pili ni plasta na vibandiko vya moyo: ngozi iliyosuguliwa au kubanduliwa plasta wakati bleomisini iko mwilini huacha michirizi myeusi inayodumu miezi au miaka. Vibandiko viachwe bila kuvutwa kwa siku mbili hivi.

Kukata kabisa kunafaa uvimbe wenye mipaka inayoeleweka au wenye shina, kupitia mdomoni. Mkubwa uliosambaa kwenye koromeo lote, kuukata wote ni kumwachia mgonjwa koo lisilo na hisia wala mwendo: uvimbe umekwenda, na kumeza kumekwenda nao. Kwa hao sirolimasi ya kumeza, dawa inayozuia chembe kukua, hutumika, damu ikipimwa kiwango cha dawa, kinga na mafuta. Hupunguza maumivu, kuvuja na ukubwa kwa baadhi, bila kufuta hitilafu.

Njia ya hewa ipangwe kabla ya kitu chochote. Kumlaza mgonjwa chali na kumpa nusu kaputi ghafla ndiyo makosa makubwa kuliko yote. Kichwa kiinuliwe, bomba lipitishwe kwa kamera akiwa macho na koo limetiwa ganzi, na mtu wa kutoboa shingo awe amesimama tayari. Baada ya leza au sindano, uvimbe hupanda kabla ya kushuka, kilele kikiwa kati ya saa 24 na 72. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani jioni ile ile kwa sababu "anapumua vizuri" ameruhusiwa kabla ya saa mbaya hazijafika. Wenye uvimbe mkubwa hubaki na bomba au hutobolewa shingo kwa muda, huku wakipewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe.

Nyumbani, kichwa cha kitanda kiinuliwe chote badala ya kurundika mito inayokunja shingo. Kufunga choo na kikohozi vitibiwe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumike bila kumuuliza daktari, lakini aliyepewa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake. Maumivu ya ghafla yenye ugumu mahali pamoja kwa kawaida ni damu iliyoganda ndani ya vena. Yanatibika, si ya kupuuzwa. Damu ikitoka mdomoni, kaa ukiinamia mbele, tema, usimeze na usilale, na uende hospitali hata ikikoma. Sauti ya mluzi wakati wa kuvuta pumzi, kushindwa kumeza mate au kushindwa kulala chali ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Hatari nyingine hutoka kwa madaktari wasiohusika na koo. Kamera ya tumbo, kipimo cha moyo kinachopitia umio na mpira wa kulishia wa puani vyote hupita koromeo bila mtu kutazama, vikisukumwa kwa mkono. Barakoa ya kupumulia inayokaa juu ya zoloto hukalia uvimbe wenyewe. Kwa hiyo kwenye faili, na kwenye kadi ambayo mgonjwa hutembea nayo, paandikwe: hitilafu ya vena, upande na mahali ilipo, hujaa akilala chali, usipitishe kitu kooni bila kuona, jumla ya bleomisini aliyokwisha kupata, na tarehe ya MRI ya mwisho. MRI ya kulinganisha isifanywe mapema mno baada ya tiba. Subiri miezi mitatu hadi sita, maana kabla ya hapo unapiga picha ya uvimbe wa tiba yenyewe.